Kufuli la Banda la Winfrida

Mawe hayakumuudhi mtu. Wavu haukumuudhi mtu. Hata bati jipya, lililong'aa mpaka wapita njia wakafumba macho, watu wa Mwankoko walilisifia. Kilichozua maneno ni kufuli. Siku Winfrida alipotundika kufuli kwenye mlango wa banda la kuku, kufuli la kutosha kabisa kufungia duka, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari yake, habari ilifika bombani kabla yeye hajafika na ndoo. Jamani, Mama Eliana kafungia kuku kwa kufuli! Anamfungia nani?

Swali zuri hilo. Alikuwa analisubiri kwa hamu.

Winfrida ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti inayovuka ua bila kupandishwa. Mtaa mzima unamwita Mama Eliana, na mumewe Hezekia naye humwita hivyo hivyo tangu binti yao alipozaliwa, kiasi kwamba jina lake la ubatizo hulisikia kwa padri na kwa wauguzi wa zahanati tu. Kuku pale nyumbani ni kazi yake, na hilo halina ubishi. Yeye ndiye anayejua yupi anataga kwenye tenga na yupi anakwenda kuficha mayai kwenye mabua. Yeye ndiye anayewakamata mmoja mmoja kila miezi mitatu na kuwadondoshea dawa ya kideri jichoni, wakimkwaruza mikono mpaka damu. Hezekia ni mlinzi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na mchango wake kwa kuku ni mfuko wa mashudu, akikumbuka kuuleta.

Hezekia si mtu mbaya, tusimsingizie. Ni mcheshi, hapigi, halewi, na mgeni akipiga hodi kwake hujisikia kama aliyekuwa anangojewa tangu juzi. Tatizo lake lilianza pale mgeni anapoaga. Mgeni wa heshima haachwi aondoke hivi hivi. Hukamatiwa kuku, kuku akafungwa miguu kwa kamba ya katani, mgeni akasindikizwa naye mpaka barabarani. Ni desturi nzuri na Winfrida hana ugomvi nayo, maana hata kwao Mkalama alikozaliwa iko vile vile. Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu: hakuna aliyewahi kumuuliza. Hezekia alikuwa anaingia jikoni, kuku walikokuwa wanalala, anapapasa, anakamata anayekamatika, anatoka naye anacheka. Mgeni anapokea, anasema, "Hezekia, ndugu yangu, una mkono!" Basi sifa ikaenea Ikungi na Mandewa kwamba Hezekia ana mkono wa kutoa. Mkono! Mkono uliopepeta pumba, uliofagia kinyesi, uliokesha na vifaranga wakati wa baridi ya mwezi wa saba, huo ulikuwa wa nani? Winfrida alikuwa anasimama mlangoni na kutabasamu, kwa sababu mke wa mtu mwenye mkono hutabasamu.

Alitabasamu hivyo miaka mingi, mpaka alipokuja Gasto.

Gasto ni kaka mkubwa wa Hezekia, mkulima wa vitunguu kule Ikungi, mtu mzito, wa maneno machache na njaa nyingi. Alikuja kusalimia, akala, akanywa chai, na jua lilipoanza kuzama akaaga awahi gari. Hezekia akaingia jikoni haraka haraka. Winfrida wakati huo alikuwa kwa jirani ameazima ungo. Aliporudi alimkuta Gasto keshaondoka, na mumewe anapiga mluzi kwa furaha. Hakutilia maanani. Asubuhi yake ndipo alipoinama kwenye pembe ya jiko, akatia mkono kwenye tenga, akakuta mayai ya baridi.

Mtetea mwekundu. Yule mkubwa, mwenye miguu yenye manyoya, ambaye mbegu yake Winfrida alipewa na mama yake mzazi alipokuwa hai, wa mwisho wa uzao ule. Alikuwa ameatamia, na zimebaki siku chache vifaranga watoke. Kuku wengine walikimbia walipoona mkono gizani, yeye hakukimbia. Mama aliyeatamia hakimbii. Ndiyo maana alikamatika kirahisi.

Winfrida alikaa chini pale pale kwenye majivu akalia kwa sauti. Alivunja yai moja kwa makusudi, akaangalia ndani, akajuta kuangalia. Hezekia alipokuja kuuliza kulikoni, alimwonyesha tenga. Hezekia akajikuna kichwa. "Aa, pole. Sikujua. Lakini kuku ni kuku, Mama Eliana, si utapata mwingine?" Na hapo, wallahi, machozi yalikauka. Winfrida alimtazama mumewe akaona kwamba kweli hajui, na kwamba hatajua kamwe kwa kuambiwa. Aliinuka akajipangusa majivu.

"Nataka banda," alisema.

Hezekia alikubali upesi, maana ni mwepesi kukubali anapojua amekosea, na pia kicheche alikuwa ameingia kwa jirani yao Rebeka wiki hiyo hiyo na kukata shingo za nusu ya kuku wake bila kula hata mmoja. Kwa hiyo mtaani ikajulikana kwamba kwa Hezekia wanajenga banda kwa sababu ya kicheche. Winfrida hakumkosoa mtu.

Mawe aliyakusanya mwenyewe. Singida mawe hayatafutwi, yanakutafuta wewe; huko nyuma ya shamba lao la alizeti yamejaa, ya ukubwa wa kichwa na ya ukubwa wa ng'ombe. Alibeba yale ya ukubwa wa kichwa, kwa kata kichwani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Watu walimwuliza kwa nini asijenge kwa miti kama watu wengine. Aliwajibu kwamba miti huliwa na mchwa, na kwamba hana mpango wa kujenga mara mbili. Udongo aliuchota kwenye kichuguu, ule unaonata, akaukanyaga kwa miguu.

Fundi alikuwa Fabiano, kijana wa mtaa wa pili, anayejua kazi ila anasikiliza zaidi sauti ya mwanaume. Msingi ulikwenda vizuri. Walichimba mpaka magoti, wakapanga mawe, na Winfrida akamwamrisha azike waya mnene ndani ya msingi kila pembe, ncha zitokeze juu, zije kufunga kenchi za paa. Upepo wa huku mnaujua. Ukianza mwezi wa sita unakuja kutoka mashariki bila kupumzika, unabeba mchanga, unabeba nguo kwenye kamba, unabeba bati la mtu na kulipeleka kwa mtu mwingine. Bati la banda lile lilifungwa mpaka kwenye tumbo la ardhi.

Ila kwenye mlango palizuka jambo. Siku kuta zilipofika kiunoni, Winfrida alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Hezekia akapita, akasimama, akashika kiuno. "Fabiano, mlango uangalie barabarani," alisema. "Watu wakipita waone. Hili ni banda la mawe, si la kujificha." Fabiano akasema sawa mzee. Barabara iko mashariki.

Winfrida alirudi akakuta mlango ushawekewa mihimili. Akamwacha Fabiano amalize. Banda likakamilika: fito za kulalia, viota vya nyasi, wavu wa matundu madogo hata kidole cha kicheche kisipite, na maganda ya alizeti chini kama zulia. Kuku wakahamia. Hezekia akawa anasimama barabarani na rafiki zake na kulionyesha kwa kidole. Wiki haikuisha, upepo ukaanza. Uliingia mlangoni kama mwenye nyumba. Maganda yote yalirundikana ukuta wa nyuma, mchanga ukajaa kwenye vyombo vya maji, na kuku wakaanza kupiga chafya, macho yanatoa machozi, wamejikunyata kwenye fito wamegeuza migongo. Wawili wakafa.

Hezekia alisema atundike gunia mlangoni. Winfrida alimngoja aende kazini, akachukua sururu.

Rebeka alisikia mapigo akaja mbio akidhani mtu anavunjiwa nyumba. Alimkuta Winfrida kajifunga kanga kiunoni, anabomoa ukuta wa magharibi, jasho na vumbi vimemgeuza rangi. "Wee Mama Eliana! Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Nahamisha mlango."

"Si umngoje fundi?"

"Fundi aliweka mlango wa kuangaliwa. Mimi nataka mlango wa kuku."

Rebeka alicheka, kisha akavua viatu akaingia kwenye udongo. Mpaka mchana mlango ulikuwa umegeuka, unatazama jiko la Winfrida, na tundu la mashariki limezibwa kwa mawe yale yale. Kwa hiyo tangu siku hiyo apitaye barabarani haoni kitu ila mgongo wa ukuta, na anayetaka kuingia bandani ni lazima apite mbele ya macho ya mwenye kuku. Hezekia alirudi akasimama barabarani akautafuta mlango. Alizunguka banda zima. Alifungua mdomo, akaona sururu bado imeegemea ukutani, akaufunga.

Ndipo siku ya pili yake, Winfrida akatundika kufuli.

"Kufuli la nini tena?" Hezekia aliuliza. Hapo cheko liliisha usoni. "Kicheche anafungua komeo?"

"Kicheche wa miguu minne komeo linamtosha."

Hezekia alielewa. Aliuma midomo. "Unanifungia mimi. Kwenye ua wangu. Mama Eliana, unanifungia mimi kuku!"

"Sijakufungia. Ukitaka kuku, niombe. Nitakupa. Sijawahi kuwa mchoyo, na wewe unajua."

"Mwanaume aombe kuku nyumbani kwake?"

"Mwanaume anaomba chumvi nyumbani kwake kila siku, na hajafa."

Makubwa! Ukafuata msimu wa kununa. Hezekia akaapa hataomba, na Winfrida akaapa hatafungua. Wageni walikuja wakaondoka na karanga, wakaondoka na chupa ya mafuta ya alizeti, wanageuka geuka kulitazama lile banda. Kuna siku alikuja rafiki wa Hezekia kutoka Mandewa, na Hezekia, kuliko kuomba, akatoka kwa mlango wa nyuma akaenda kununua kuku kwa Rebeka, akarudi amemkwapia, akapita mbele ya banda la mkewe lililojaa kuku akitazama mbele kama askari kwenye gwaride. Rebeka alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa kuwa Rebeka hafichi kitu, kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshika mbavu.

Lakini si wote waliocheka. Wanawake wa jumuiya walimwita Winfrida pembeni wakamwambia anamvunjia mumewe heshima, kwamba hata wao kuku zao hukamatwa bila kuulizwa na hawajajenga ngome. "Ndiyo," alisema Winfrida, "na mimi sikuwa nimejenga, mpaka siku nilipokuta mayai yamepoa." Mmoja akamshauri autoe ufunguo shingoni, angalau auweke juu ya kabati. Alikwenda nyumbani ufunguo ukiwa bado shingoni. Maneno yalimuuma, asikwambie mtu. Hezekia alikuwa hazungumzi naye ila kwa mambo ya lazima, na nyumba ya watu wawili isiyo na mazungumzo ni baridi kuliko upepo. Usiku alijiuliza kama kuku wanastahili hayo yote. Kisha aliukumbuka ule ubaridi wa mayai kiganjani, akageukia ukutani akalala na ufunguo wake.

Kwenye banda, mambo yalikuwa mengine. Hakuna aliyepiga chafya. Mvua za mwezi wa kwanza zilipiga bati usiku kucha, na asubuhi maganda yalikuwa makavu. Vifaranga waliototolewa kabla ya mvua walikuwa wamekua, wameota mikia, na katikati yao alichomoza jogoo mmoja, mwekundu, mwenye manyoya miguuni. Winfrida alipomwona vizuri ilibidi aketi. Mayai machache ya mtetea wa mama yake, aliyoyataga kichakani kabla hajaatamia, Winfrida alikuwa ameyaokota na kumwekea kuku mwingine bila kutumaini chochote. Uzao haukuwa umekatika. Na tetea wawili na jogoo mwingine mdogo, ndugu zake, walikuwa nao na miguu ile ile.

Gasto alikuja tena baada ya mavuno ya uwele. Winfrida alimpokea vizuri. "Shikamoo, shemeji." "Marahaba, Mama Eliana, habari za hapa?" Alimpikia ugali na mlenda na maziwa ya mgando, akala akashiba, akamaliza habari zote za Ikungi, nani kafa na nani kaoza binti. Hezekia alikuwa anacheka kwa sauti kupita kiasi. Jua lilipoanza kwenda, Gasto akachukua fimbo yake. Hezekia akakohoa.

"Mama Eliana," aliita, kwa sauti ya kumsikilizisha mgeni, "mletee kaka kuku."

Winfrida alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Hakuinuka. "Umesemaje?"

"Lete kuku wa kaka."

"Kaka hana kuku hapa. Kuku waliopo ni wangu."

Gasto aliweka fimbo chini. Alimtazama mdogo wake, akamtazama shemeji yake, akaona na lile kufuli, ambalo bila shaka habari zake zilishamfikia huko Ikungi. "Hezekia," alisema polepole, "mwenye mji huu ni nani?"

Hapo ndipo Winfrida alipoinuka, mboga zikamwagika.

"Shemeji, nakuheshimu. Nikuulize kitu. Yule mtetea mwekundu uliyeondoka naye mara ile, mlimla?"

"Tulimla. Alikuwa mnono."

"Alikuwa ameatamia. Aliacha mayai kumi na mawili ya moto, na vifaranga ndani wana macho. Alikuwa mbegu ya marehemu mama yangu. Uliambiwa?"

Gasto ni mfugaji pia, ana kuku kwake, anajua maana ya kumwondoa kuku kwenye mayai. Akamgeukia mdogo wake. "Ulinipa kuku aliyeatamia?"

"Sikujua, kaka."

"Hukujua, au hukuuliza?"

Hezekia alisimama pale katikati ya ua, mkubwa mzima, hana pa kuweka mikono. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi, na Rebeka alikuwa ameshikilia ua wake kwa mikono miwili, hajifichi hata kidogo. Halafu alisema, hakunong'ona wala hakupaza, "Mama Eliana, naomba kuku mmoja, nimpe kaka."

Winfrida akavua ufunguo. Kufuli lilifunguka kwa mlio mkubwa. Kuna waliotegemea angetoa kibovu, aliyekonda kifua, kuwakomesha. Hamumjui. Aliingia akatoka na yule jogoo mwekundu, wa miguu yenye manyoya, mzuri kuliko wote bandani. Tetea wawili wa uzao ule na jogoo mdogo aliwaacha ndani. Akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akamshika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtu aliyelelewa, akampa Gasto. "Huyu asichinjwe," alisema. "Akapande kwenye kuku wako. Mbegu ya mama ifike Ikungi."

Gasto alimpokea, akampima uzito, akaguswa, ilionekana. Kisha mazoea yakamshinda. Akamgeukia Hezekia. "Asante sana, mdogo wangu. Kweli wewe una mkono."

Winfrida alinyoosha mikono, akamchukua jogoo wake kutoka mikononi mwa Gasto, akamkumbatia kifuani. Alisimama tu, anamtazama mumewe, na jogoo naye anatazama. Angeweza kusimama hivyo mpaka usiku uingie, na gari la Ikungi liondoke, na uwele mwingine uvunwe.

Hezekia alifuta uso kwa kiganja.

"Kaka," alisema, "usinishukuru mimi. Mimi sina kuku. Sijawahi kuwa na kuku." Akalionyesha banda kwa kidole. "Hao wote niliokuwa nawagawa, tangu mwanzo, walikuwa wa Winfrida."

Miaka thelathini alikuwa hajalitaja jina hilo. Winfrida alilisikia likitoka kwenye mdomo ule, akamkumbatia jogoo kwa nguvu zaidi. Gasto alivua kofia. "Asante, shemeji Winfrida," alisema. "Na yule wa kwanza, nisamehe."

"Nimekusamehe. Karibu tena."

Alimrudishia jogoo. Hezekia akamsindikiza kaka yake barabarani, na Winfrida akabaki uani na banda lililo wazi. Rebeka akaita kutoka ng'ambo ya ua, sauti imejaa furaha, "Haya Mama Eliana, yameisha! Sasa si utoe hilo kufuli!"

Winfrida aliwahesabu kuku wake kwa macho, wakipanda kwenye fito mmoja baada ya mwingine. Akaufunga mlango, akabana kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika.

"Nitoe kwa nini?" alijibu. "Ndiyo kwanza limeanza kufanya kazi."